Mr Bean kawa mpelelezi wa mauaji: boksi la Maigret, filamu zote nne

Nimekaa na hili boksi wiki tatu ndo naandika, maana nilitaka nimalize filamu zote nne kwanza, af ya pili nikairudia, af nikairudia tena na mama. Ni boksi la DVD, Maigret (jina la mpelelezi wa polisi wa Paris), ile ya Rowan Atkinson iliyorushwa na ITV hapa Uingereza 2016 na 2017. Nimelitoa duka la mitumba la hisani mtaani kwetu kwa paundi 3, na kitu cha paundi 3 kilichonikaa kichwani namna hii sijawahi kununua.

Kama jina halikwambii kitu, Rowan Atkinson ndo Mr Bean. Huyo huyo. Yule wa kigari cha kijani anachokifunga kwa kufuli, wa mdoli wa dubu, wa kichwa kukwama ndani ya bata mzinga siku ya Krismasi. Sasa huyo kavaa koti zito na kofia, kiko cha tumbaku mkononi, anatafuta nani anaua wanawake mitaa ya Montmartre, Paris ya mwaka 1955, na kwa masaa kama sita ya filamu zote nne ukizijumlisha hajaribu kukuchekesha hata mara moja.

Mama yangu alikuwa huku kwa miezi mitatu, katoka Tanga kuja kuona wajukuu. Kaona kava pale mezani akaniuliza "si Mista Bini huyu?" nkamwambia ndiye mama, akavuta kiti palepale na kuita watoto. Nikawarudisha watoto chumbani, nkamwambia mama hii ina mauaji, akasema Mista Bini hawezi kuua mtu bana, nkamwambia yeye ndo askari. Basi tukaanza na ya kwanza, ile ya mtego, na dakika ishirini za mwanzo mama alikuwa kashaandaa kicheko, unamwona kabisa, mdomo uko tayari, kila jamaa akigeuza shingo mama anasogea mbele, akishika kofia mama anasubiri kofia imkwame. Haikwami. Mwisho akanigeukia akasema "mwanangu, mbona hafanyi kitu?"

Hilo swali la mama ndo rivyuu yangu yote. Mbona hafanyi kitu. Maana ni kweli hafanyi, na hapo ndo ufundi wenyewe ulipo, sema inabidi mtu ukae nae kidogo ndo uuone.

Ngoja nirudi nyuma. Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, miaka ya tisini Mr Bean tulimjulia banda la video, mkanda wake ulikuwa unapachikwa kati ya muvi ya Kihindi na ya ngumi, na ndo mkanda pekee ambao hakuna aliyeuliza kasemaje, maana hasemi. Muvi zingine zote mtu mmoja mwenye kujua kidogo Kiingereza anakuwa mkalimani wa banda zima, ila kwa Bean kila mtu anacheka sekunde ileile, mzee wa kashata, mtoto wa darasa la pili, wote. Nimekuja kusoma baadae kwamba hiyo haikutokea kwa bahati. Mwaka 1987 Atkinson alikwenda tamasha la komedi la Montreal, Kanada, akaomba awekwe kwenye shoo ya wanaoongea Kifaransa badala ya ile ya Kiingereza, kusudi aone kama huyu mtu wake asiyeongea atachekesha watu ambao lugha haiwaunganishi. Akachekesha. Episodi ya kwanza ikatoka ITV tarehe 1 Januari 1990, na mpaka inaisha 1995 zilikuwa 15 tu. Kumi na tano! Mimi ningeapa ni mia, kumbe tulikuwa tunarudia zilezile.

Na ukimya wenyewe una historia. Mtu huyu kazaliwa 1955 Consett, kaskazini mwa Uingereza, familia ya wakulima, akasoma uhandisi wa umeme Newcastle af Oxford, na toka mdogo ana kigugumizi. Ashawahi kueleza kwamba akiwa ndani ya mhusika kigugumizi mara nyingi kinampisha. Mimi nina mdogo wangu mwenye kigugumizi, najua mtu wa hivo anavoishi na maneno, anavolipima neno kabla halijatoka, anavojua barabara zote za kuzunguka herufi fulani. Kwa hiyo nikimwona Bean anabana sauti kooni, anatoa vineno viwili vitatu vya kuunguruma, naona mtu aliyejenga nyumba yake palepale alipojikwaa. Na nikimwona Maigret anasikiliza mtuhumiwa anaongea dakika nzima yeye kimya naona nyumba ileile, fenicha tu ndo zimetolewa.

Ndo ninachotaka watu waelewe kuhusu hili boksi. Wengi wanasema Atkinson kabadilika kawa muigizaji siriasi, kaacha ujinga. Mi naona hajaacha kitu, kapunguza. Uso wa Bean ni uso unaokwambia kila anachofikiria kabla hajafikiria, nyusi, mashavu, ulimi, macho yanazunguka. Kumbuka ile episodi ya kwanza kabisa ya chumba cha mtihani, kuna ukimya kabisa mle ndani na yeye anahangaika kuibia jibu kwa jirani, inchi moja ya shingo inakuvunja mbavu. Sasa mtu anayejua inchi moja ya shingo ina thamani gani, akiamua kuinyima kamera hiyo inchi, unaona uso uliojaa kitu ambacho hakitoki. Muigizaji wa kawaida akikaa kimya amekaa kimya tu. Huyu akikaa kimya unasikia vitu vinagongana ndani.

Na hakuanza jana. Waliofuatilia Blackadder wanajua, sirizi yake nyingine ya miaka ya themanini, ile ya mwisho ya 1989 iko kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, vichekesho mwanzo mwisho mpaka dakika za mwisho kabisa wanapoamriwa watoke handakini kwenda kufa, na yeye ambaye episodi zote kakwepa kufa kwa kila hila, anawatakia wenzie kheri kwa sauti ya kawaida kabisa na wanapanda. Niliiona nikiwa mtu mzima tayari na sikuweza kulala vizuri. Kwa hiyo aliyeshtuka 2016 alichelewa miaka ishirini na saba.

Kilichomsukuma ni umri pia. Mwishoni mwa 2012, miezi michache tu baada ya ile ya ufunguzi wa Olimpiki London, mnaikumbuka, amekaa kwenye okestra na kidole kimoja kwenye kinanda, alisema kwamba mtu wa miaka hamsini na kitu kuendelea kufanya utoto inaanza kutia huzuni. Mapema 2013 akapanda jukwaani London kwenye mchezo wa Simon Gray unaoitwa Quartermaine's Terms, anaigiza mwalimu mpole, mpweke, wa chuo cha kufundisha wageni Kiingereza pale Cambridge, mtu wa kukaa kwenye kiti chake na kusahauliwa. Hiyo ndo daraja, ukiniuliza mimi. Huwezi kutoka Bean ukaruka moja kwa moja mpaka Maigret, lazima pawe na mtu wa katikati aliyekaa kitini.

Haya turudi kwenye boksi. Filamu ni nne, kila moja saa moja na nusu hivi, zimetokana na vitabu vya Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège aliyeandika riwaya 75 za huyu Maigret. Mbele ya Atkinson walishapita wengi, Rupert Davies alimcheza BBC miaka ya sitini, Michael Gambon akamcheza ITV 1992 na 1993, na Wafaransa wana Jean Gabin wao wa 1958 kwenye hadithi hiihii ya mtego. Kwa hiyo kiti kilikuwa cha moto. Atkinson mwenyewe mara ya kwanza alikataa, wasiwasi wake ulikuwa kwamba Maigret ni mtu wa kawaida, hana kilema wala kituko cha kushikia, na yeye maisha yake yote kacheza watu wa ajabu.

Ya kwanza, ya mtego, ilirushwa Machi 2016. Wanawake wanauawa Montmartre, waziri anambana, magazeti yanambana, Maigret anatega polisi wa kike kama chambo. Nitasema ukweli, humu bado anajishika sana. Unaona mtu anayejichunga, kama dereva aliyekabidhiwa gari la mtu, na sehemu za katikati zinaburuza. Kinachoibeba ni nusu ya pili, mtuhumiwa anachezwa na David Dawson na mama yake anachezwa na Fiona Shaw, na huyu mama bana, huyu mama! Akiingia ofisini mle hewa inabadilika, na hapo ndo Atkinson anaamka, kwa sababu sasa kapata mtu wa kumsikiliza. Mama yangu alipoona huyo mwanamke alisema taratibu "kamharibu mwanae huyo", na tulikuwa bado nusu saa kabla ya filamu kutuambia chochote.

Ya pili. Hii sasa ndo sababu ya kununua boksi. Ilitoka siku ya Krismasi 2016, na stori inaanza na simu. Mtu asiyemjua anampigia Maigret ofisini anasema kuna watu wananifuata wanataka kuniua, anakata, anapiga tena kutoka sehemu nyingine, anakata, na kabla hawajamfikia maiti yake inakutwa imetupwa uwanja wa Place de la Concorde, Paris. Upande mwingine kuna genge linaua familia za wakulima huko Picardy, kaskazini mwa Ufaransa, kesi kubwa, nchi nzima inaiangalia, wakubwa wanataka Maigret ashughulike na hiyo na aachane na huyu hohehahe aliyeokotwa barabarani. Na yeye hataki. Kwenye kichwa cha filamu maiti inaitwa ya Maigret, maiti yake, na hapo niliisimamisha filamu nikamtafsiria mama, akatikisa kichwa akasema "eeh, maiti ina wenyewe". Nami ndo nikaielewa filamu kwa mara ya kwanza. Marehemu hana mtu, sasa Maigret kajitwika, kawa mfiwa. Na Atkinson anaicheza hivohivo, kama mtu aliyefiwa ambaye lazima aende kazini. Hasemi nina uchungu. Anaendelea kuuliza watu maswali madogo madogo, alikula nini, alikunywa nini, alivaaje, kama vile ndugu anavouliza dakika za mwisho za ndugu yake.

Kuna kitu kimoja nimekiona mara ya tatu. Anapoishikilia ile simu na sauti ya yule mtu inatoka, yeye hana la kufanya zaidi ya kusikiliza, na kamera iko usoni kwake. Bean angekuwa na simu hapo tungepata dakika tano za kuzungusha waya. Huyu anasikiliza tu, na nikajikuta nimeacha kumsubiri Bean. Nilipomwangalia mama na yeye alikuwa kaegemea kiti, mdomo kafunga.

Ya tatu, ya Aprili 2017, inatoka nje ya Paris, njia panda ya mashambani, kuna Mdenmaki na dada yake kwenye nyumba kubwa, na mfanyabiashara wa vito kakutwa kafa kwenye gari ndani ya gereji yao. Wanamhoji huyu Mdenmaki usiku kucha wala hatikisiki. Ni nzuri, ina ukungu mzuri, ina watu wanaodanganya vizuri, ila mimi iliniacha nusu. Ya nne, ya mkesha wa Krismasi 2017, ni ya klabu ya usiku Montmartre, mnenguaji anakuja polisi amelewa anasema kasikia watu wanapanga kumuua mwanamke mmoja mwenye cheo cha kauntesi, halafu yeye mwenyewe ndo ananyongwa. Hii naiweka ya pili kwa uzuri, na humu Atkinson katulia kabisa, hajifikirii tena, kiko kinakaa mkononi kama kilizaliwa pale. Unabaki unasikitika ndo mwisho. ITV hawakuendelea, hakuna ya tano.

Kasoro zipo, nisifiche. Ya kwanza ni mwili. Maigret wa kwenye vitabu ni jitu, mabega mapana, mlango unajaa, mtuhumiwa anakaa mbele ya mlima. Atkinson ni mwembamba, na koti hata liwe zito vipi haliwezi kukupa kilo arobaini. Gambon alikuwa nao huo ukubwa. Atkinson kaamua kutumia macho badala ya kifua na mi nimemkubali, ila msomaji wa Simenon atahitaji muda kumzoea, na ninamwelewa. Ya pili, Paris yenyewe ni Budapest, walipigia Hungaria, na mitaa ni mizuri ila misafi mno, mawe yameoshwa, magari ya zamani yameng'arishwa, kwa hadithi za watu maskini waliokufa gizani ningependa nione uchafu kidogo. Ya tatu ni mke wake, Madame Maigret, anachezwa na Lucy Cohu, na kila akitokea filamu inapata joto, wanavokaa mezani wale wawili bila mtoto, anavomwekea chakula na kujua tayari siku imekuwaje, lakini wanampa dakika chache sana. Mama hilo lilimkera kuliko yote. "Huyu dada wanamleta kupakua tu," alisema, na sina la kumpinga.

Na ni taratibu. Sitaki mtu aje kunilaumu. Hakuna kukimbizana kwa magari, hakuna ngumi za steringi, kuna watu wazima wanaongea kwenye vyumba vyenye moshi. Ukiangalia huku unachezea simu hutaelewa kitu, kwa sababu nusu ya mambo yanatokea usoni mwa mtu mmoja ambaye kakataa kuyatangaza. Watoto waondoe kabisa, hasa ya pili, mauaji ya wale wakulima si ya kuona mtoto, na msidanganyike na sura ya kwenye kava, najua watoto wataiona na kuikimbilia kama walivokimbia wa kwangu.

Sisi watu wa Pwani na huyu mtu tuna uhusiano wa mbali kuliko tunavodhani. Yule ndege Zazu wa The Lion King ya 1994, hondohondo mwenye domo, mshauri wa mfalme kwenye ile katuni iliyojaa majina ya Kiswahili, sauti ni yake. Na 2001 alikuwa likizo Kenya na familia, wako angani kwenye kindege kidogo, rubani akazimia, Atkinson akakishikilia hewani mpaka rubani akazinduka wakatua salama uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Nilimsimulia mama hiyo tukiwa kati ya filamu ya pili na ya tatu. Hakucheka. Akasema "alhamdulillahi, na watoto walikuwemo?" Siku mbili kabla ningesema rubani kazimia na Mista Bini yuko ndani, mama angeanguka kwa kicheko kabla sijamaliza sentensi.

Hapo ndo najua boksi limefanya kazi yake. Kwetu Tanga tulikuwa na Mzee Majuto, Mungu amrehemu, akitokea tu mlangoni watu washacheka hajafungua mdomo, na huo ni utajiri mkubwa ila ni kifungo pia, maana siku mtu wa hivo anataka kulia nani atamwamini? Atkinson alikuwa na kifungo hicho kwa dunia nzima, Tanga mpaka Tokyo, na kakifungua kwa kukaa kitako na kunyamaza. Miaka ya karibuni karudi kwenye kuanguka na kuvunja vitu, ile ya Netflix ya 2022 anapambana na nyuki, wanangu wameipenda, na mimi nimeiangalia kwa jicho lingine kabisa, katikati ya fujo zote zile kuna sekunde anasimama tu na naona koti la Maigret.

Kama unanunua: anza na ya pili, najua mpangilio unasema ya kwanza ila kila filamu ni kesi yake peke yake, hutapotea. Ukishampenda ndo urudi kwenye mtego, utamsamehe ule ugumu. Af ya nne, af ya tatu ikibidi. Kama unataka kutuma nyumbani angalia deki kwanza, diski za huku mara nyingi ni za rijeni 2 (namba ya eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa) na Afrika Mashariki ni rijeni 5, deki nyingi za bei rahisi kule zinacheza zote ila nyingine zinagoma. Na kama ni ya mitumba kama yangu itoe diski uiangalie kwenye mwanga kabla hujalipa, ya kwanza kwangu ina mkwaruzo na inakwama kama dakika arobaini hivi, inabidi uruke kidogo.

Mama kaondoka nalo Jumanne. Hakuomba, nimemkuta anapanga begi boksi liko katikati ya kanga, kalifunga vizuri lisivunjike. Jana usiku kapiga simu, deki yake imelikubali, kawawekea majirani ile ya maiti na yeye ndo kawa mkalimani. Nikamuuliza wamecheka? Akasema mwanzoni walicheka, wakamsubiri, wakamsubiri, af yule mtu wa kwenye simu alipouawa mama mmoja pale akasema izimwe feni, hasikii vizuri.